Maillu aliuliza kwanza, akaandika baadaye

Mwandishi anayejichapishia kitabu hapa kwetu mara nyingi huanza na mswada na kuishia na maboksi. Mswada ukikamilika hutafuta pesa, huupeleka kwa mchapaji, na nakala zikishajaa sebuleni ndipo hujiuliza nani atazinunua. David Maillu, mwandishi Mkenya aliyezaliwa Ukambani mwaka 1939, aliugeuza mpangilio huo zaidi ya miaka 50 iliyopita, na ajabu ni kwamba wengi wanaonadi riwaya zao leo katika makundi ya WhatsApp hawajaufuata mfano wake. Kabla ya kuandika vitabu vilivyompa jina, kwa maelezo yake mwenyewe, alikwenda kwa watu akawauliza wangependa kusoma kuhusu nini. Wakamtajia mapenzi, pesa, siasa, yale yanayozungumzwa kila siku baada ya kazi. Kwa Maillu, hayo yakawa maelekezo ya kazi.

Kampuni yake, Comb Books, ilianza mwaka 1972 na kitabu cha Kikamba. Mwaka 1973 ikatoa Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle, kisha After 4.30 mwaka 1974. Ukivishika vitabu hivyo unaona jinsi alivyomfikiria msomaji hadi mfuko wa koti lake: ni vidogo, na My Dear Bottle na After 4.30 vina mistari mifupi kama ya shairi, vya kusomeka upesi hata na mtu aliyechoka. Katika kimoja mlevi anazungumza na chupa yake. Katika kingine tunaingia katika maisha ya karani wa kike na bosi wake, na saa iliyo kwenye jalada, kumi na nusu jioni, ni saa ya kutoka kazini ambayo kila karani wa Nairobi aliijua bila kufafanuliwa. Jina hilo peke yake lilikuwa tangazo. Ndiyo maana nashikilia kwamba utafutaji soko wa Maillu haukungoja kitabu kitoke. Ulikuwa umeshafanyika katika ukubwa wa karatasi, urefu wa mstari na uchaguzi wa mhusika.

Wapo waliosema, na bado wapo wanaosema, kwamba huo ulikuwa uchafu tu. Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vyake mwaka 1976. Maillu alijitetea kwamba anaonya, na utetezi huo una uzito: mtumishi wa serikali katika Unfit for Human Consumption anamaliza mishahara yake kwa pombe na wanawake, na mwisho anajinyonga. Hoja nzito zaidi ni kwamba anayemuuliza msomaji hugeuka mtumwa wake. Lakini mwaka 1989 mtu huyohuyo alitoa, chini ya jina lake mwenyewe la uchapishaji, Without Kiinua Mgongo, iliyochanganya Kiingereza na Kiswahili kama watu wanavyozungumza mjini. Mchapishaji anayeishi kwa vitabu vya shule angeiweka wapi riwaya kama hiyo? Uhuru wa kumsikiliza msomaji ulikuja pamoja na uhuru wa kumshangaza.

Bado kuna jambo ambalo mfano wa Maillu haulitatui. Comb Books ilianguka kabla ya miaka ya 1970 kwisha, na mwaka 1980 riwaya ya kijasusi ya Maillu, The Equatorial Assignment, ilitolewa na kampuni nyingine, Macmillan. Wasomaji walikuwepo. Ila mchapaji hudai fedha zake kwa tarehe, na duka la vitabu hulipa likishauza, wakati mwingine miezi mingi baadaye, na katikati hapo anabaki mwandishi peke yake. Simu imeziba sehemu ya pengo hilo: msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hulipa kwa M-Pesa kabla bodaboda haijaondoka na kifurushi, na mwandishi mwangalifu hukusanya oda kwanza ndipo achape. Njia hiyo inamfaa mwandishi ambaye wasomaji wanamjua tayari. Yule wa kwanza kuandika jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliomba, atamwomba nani alipe kabla ya kukiona kitabu? Na kisiponunuliwa, hasara hiyo ni yake peke yake?