Daktari wa Wiki Mbili

Mwaka 2023 meli ya hospitali Global Mercy, ya shirika la Kikristo la Mercy Ships, ilitia nanga Freetown, Sierra Leone. Wahudumu wake hujitolea, na nauli hujilipia wenyewe. Nawavulia kofia. Wengine hukaa wiki chache tu, lakini meli hubaki bandarini miezi kadhaa, hivyo kidonda cha upasuaji kina wa kukiangalia.

Wasiwasi wangu ni makundi yanayopiga kambi kijijini wiki mbili. Mtoto wa jicho huondolewa mara moja. Shinikizo la damu je? Vidonge vyake ni vya kila siku, mara nyingi maisha yote. Mgeni akigawa vya mwezi mmoja akapanda ndege, vya mwezi wa pili atatoa nani? Mimi humuuliza kwanza muuguzi wa zahanati: umeachiwa daftari la wagonjwa, na dawa?