Udongo mwekundu, bati na ndoto ya kupasua maji kwa jua

Anayetoka Kigali kwenda Nyamata hupita Gahanga, wilayani Kicukiro, ambako ardhi iliyochimbwa kwa ujenzi inaonyesha wekundu wake. Rangi hiyo inatokana na oksidi za chuma, na iliyo nyekundu zaidi kati yake ni hematiti, nduguye kutu. Madini hayo ya kawaida kabisa yamewashughulisha wanasayansi kwa miaka mingi, kwa sababu yakiwekwa majini na kupigwa na jua yanaweza kusaidia kuyapasua maji kuwa oksijeni na hidrojeni.

Njia hiyo ilipata umaarufu mwaka 1972, Wajapani Fujishima na Honda walipotumia oksidi ya titani. Tatizo ni kwamba oksidi hiyo hunasa miali ya urujuanimno pekee, ambayo ni takriban asilimia 5 tu ya nishati ya jua. Hematiti hunasa mwanga mwingi zaidi, ni rahisi na haina sumu. Kwa hesabu za kinadharia, inaweza kugeuza hadi asilimia 15 ya nishati ya jua kuwa hidrojeni.

Basi kwa nini haijafika sokoni? Hematiti ni mpitishaji mbovu wa umeme. Mwanga unapoipiga, elektroni huruka na kuacha pengo, na pengo hilo ndilo linalopaswa kufika kwenye maji. Lakini husafiri nanomita 2 hadi 4 tu kabla ya kukutana tena na elektroni na kupotea. Ni kama kumtuma mtoto dukani akarudia mlangoni.

Dawa mojawapo ni kuitia chembe za kigeni. Atomu ya bati, titani au silikoni ikishika nafasi ya chuma huleta elektroni ya ziada, na umeme hupita vizuri zaidi. Mwaka 2006 kundi la Grätzel nchini Uswisi lilitumia silikoni na kupata miliampia 2.2 kwa kila sentimita ya mraba. Kikomo cha nadharia ni kama 12.6. Kipimo kina mpaka wake: chembe zikizidi, zenyewe hugeuka mitego ya elektroni. Wala hazitoshi peke yake, kwani hematiti bado huhitaji msukumo wa umeme kutoka nje.

Hapa Rwanda inaingia moja kwa moja. Bati huchimbwa Rutongo, wolframu Nyakabingo. Wolframu hutiwa kwenye oksidi nyingine, vanadati ya bismuthi, ambayo mwaka 2013, ikiunganishwa na seli ya jua, ilifikisha asilimia 4.9. Kobalti, inayoharakisha kazi kwenye uso wa sahani, imejaa ng'ambo ya mpaka, Kongo.

Hata hivyo mchimbaji asitarajie bei kupanda. Utando wa nanomita 500 wenye atomu moja ya bati kwa kila mia za chuma ungehitaji bati lisilofika nusu kilo kwa hekta nzima. Faida iko kwa anayejua kulitia, na ujuzi huo hauchimbwi. Chuo Kikuu cha Rwanda kina taasisi ya EAIFR, iliyofunguliwa Kigali mwaka 2018 kwa ushirikiano na kituo cha ICTP cha Italia, inayofundisha fizikia ya aina hii kwa vijana wa kanda. Hesabu za atomu ipi ikae wapi hufanywa kwa kompyuta, kabla ya mtu kuwasha tanuri.