Je, Wajua? Staringi Hafi, Filamu Hufa

Kila Ijumaa jioni shangazi yangu wa Tanga hunitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, nitazame nini leo?" Nikishamtajia filamu, swali la pili halijabadilika tangu enzi za kanda na deki: "Staringi anakufa?" Nikisema ndiyo, hataki tena kusikia habari zake. Aliyekulia kwenye kibanda umiza, kakalia benchi la mbao huku goti la mtu wa nyuma linamchoma mgongoni, ataielewa sheria hiyo bila kufafanuliwa. Staringi hafi. Kinachonikosesha usingizi mimi ni jambo ambalo shangazi hajawahi kuliuliza, nalo ni kwamba filamu zenyewe hufa.

Je, wajua kwamba filamu nyingi za Marekani za enzi za sinema bubu hazipo tena duniani? Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti iliyohesabu karibu filamu ndefu 11,000 zilizotoka kati ya 1912 na 1929. Zilizosalia kamili katika umbo lake la awali ni asilimia 14 tu. Mikanda ya siku hizo ilitengenezwa kwa nitrati, kitu kinachowaka vibaya mno. Kikishashika moto, hata ukikitumbukiza majini kinaendelea kuungua, maana oksijeni kinajitolea chenyewe. Julai 1937 ghala la kampuni ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliteketea na mikanda yote iliyokuwamo. Theda Bara, aliyekuwa miongoni mwa nyota wakubwa wa zama zake, alicheza filamu takriban 40. Leo nyingi hazionekani, na Cleopatra yake ya mwaka 1917 imebaki vipande vifupi tu.

Nyingine ziliuawa na wenyewe. Mfaransa Georges Méliès, yule aliyewapeleka watazamaji mwezini mwaka 1902, alifilisika, na mwaka 1923 akaichoma mikanda yake ya asili kwa mikono yake. Kabla ya hapo, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, baadhi ya nakala zake zilichukuliwa na kuyeyushwa, na inasimuliwa kuwa zikageuzwa visigino vya viatu vya askari. Fikiria unatembea juu ya safari ya mwezini. Bahati nzuri nakala moja ya safari hiyo, iliyopakwa rangi kwa mkono, ilipatikana Barcelona mwaka 1993, ikaonyeshwa upya mwaka 2011 baada ya ukarabati wa miaka mingi.

Je, wajua kwamba siku hizi filamu hufa bila kiberiti? Agosti 2022 Warner Bros. Discovery walitangaza kwamba Batgirl haitatoka kabisa. Picha zilikuwa zimeshapigwa, na gharama iliyotajwa kwenye vyombo vya habari ilikuwa karibu dola milioni 90. Iliripotiwa kwamba kuifungia kabatini na kuiandika hasara ili kupunguza kodi kulionekana kuna nafuu kuliko kuimalizia na kuionyesha. Waongozaji wake wawili, Adil El Arbi na Bilall Fallah, walisimulia baadaye kwamba walikimbilia kwenye seva angalau wairekodi kwa simu, wakakuta hakuna kitu. Méliès alichoma chake kwa uchungu. Hawa walichomewa chao na mhasibu, na mimi naona bora uchungu.

Hiyo ndiyo hofu yangu kubwa kuhusu sinema ya leo. Watu hulalamikia milipuko, kelele, na mazungumzo yanayonong'onwa mpaka uwashe maandishi chini ya skrini, na wana haki. Lakini filamu mbaya angalau ipo, unaweza kuisema. Kanda ya VHS uliyoificha chini ya kitanda iliota ukungu, ila ilikuwa yako. Filamu unayoitazama leo kwa malipo ya mwezi inaweza kuondolewa kesho asubuhi, na wala hutaambiwa.

Staringi naye, ajabu, ndiyo kwanza amekuwa hafi kweli. Mwigizaji Mwingereza Peter Cushing alifariki mwaka 1994, lakini katika Rogue One ya mwaka 2016 yupo, anatoa amri, sura yake imetengenezwa kwa kompyuta. Ian Holm alifariki mwaka 2020, akaonekana tena katika Alien: Romulus ya 2024. Mwaka 2023 waigizaji wa Hollywood waligoma siku 118, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa hiyo hiyo: nani anamiliki sura ya mtu, hasa yule anayepita nyuma ya staringi na kulipwa ujira wa siku moja? Nilipomweleza shangazi, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Sasa hela yake anapewa nani?" Mawakili wangali wanalijadili swali hilo.

Majumba ya sinema pia hufa. Unguja, maeneo ya Vuga, sinema ya Royal ilifunguliwa mwaka 1921, mchoro wake wa J. H. Sinclair, huyo huyo aliyechora Beit el Amani pale Mnazi Mmoja. Iliungua miaka ya 1950, ikajengwa upya, na watu wakaijua kwa jina la Majestic. Dar es Salaam palikuwa na sinema ya wazi ya kutazama ukiwa ndani ya gari. Familia zilikuja na vyakula vyao, watoto wamejazana kiti cha nyuma. Leo kiwanja hicho ni Ubalozi wa Marekani. Nairobi, sinema ya Globe imeacha jina lake kwenye mzunguko wa barabara, na abiria wa matatu wanalitaja kila siku.

Tuje kwa ninazozipendekeza, maana Ijumaa haisubiri.

Ukitaka kicheko cha chinichini, tafuta Return of the Jedi ya 1983 na umsikilize rubani msaidizi mwenye mashavu makubwa, Nien Nunb. Sauti ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani, na lugha anayosema angani ni Kikuyu. Ukitaka mbuga, ipo Hatari! ya 1962, iliyopigwa Tanganyika kabla ya uhuru. John Wayne na wenzake walikuwa wakikimbizana na vifaru na twiga kwa magari kweli kweli, hakuna kompyuta, na mwenzake Mjerumani Hardy Krüger aliipenda nchi hata akanunua shamba Momella. Watu wetu humo ni wasaidizi tu, hilo nalo ulione.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Ni Unguja ya miaka ya 1950, Kiswahili chake hakihitaji mtafsiri, na kamera inakaa usoni mwa mtu mpaka aseme alichokuja kusema. Nikiambiwa nichague moja tu ya kuficha ghalani pasipofika moto wala mhasibu, ni hiyo.

12 Angry Men ya 1957 ni wanaume kumi na wawili chumbani, dakika 96, karibu basi. Sidney Lumet alianza na kamera juu ya usawa wa macho, akaishusha taratibu na kubadilisha lenzi, hadi mwishoni kuta na dari zinakubana na hujui kwa nini unatokwa jasho.

Na Flow, kutoka Latvia. Gints Zilbalodis na wenzake waliitengeneza kwa Blender, programu ambayo hata wewe unaweza kuipakua bure usiku huu, na Machi 2025 ikachukua Oscar ya filamu bora ya katuni mbele ya mastudio yenye mabilioni. Hakuna neno hata moja linalosemwa. Mafuriko yamefunika dunia, na paka mmoja yumo mashuani na wanyama wasiofahamiana.

Ndiyo niliyomtumia shangazi wiki iliyopita. Ujumbe wa sauti ulirudi baada ya dakika tano, nyuma yake feni inazunguka.

"Staringi ndiyo huyo paka?"

"Ndiyo, shangazi."

"Haya. Anakufa?"

"Sisemi."

Mpaka saa sita usiku alikuwa hajajibu, na simu yake ilionyesha yuko hewani.