Paka wa Dallas na Saa Zake

Mji wa Embu uko kusini mwa Ikweta kwa takriban nusu digrii tu, na jambo hilo lina uzito kwa mnyama anayelala juu ya kochi. Mwaka mzima jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, Juni kama Desemba. Katika mtaa wa Dallas, hiyo ya jioni ndiyo saa ya watu kurudi. Bodaboda zinashusha abiria, mama mboga anawakatia sukuma wiki wateja wa mwisho, na katika nyumba za kupanga gesi inawashwa. Ndiyo saa ambayo paka naye huamka.

Wengi humwita mnyama wa usiku, lakini mwili wake umeumbiwa zaidi magharibi na alfajiri, nyakati ambazo panya hutoka na ndege bado hawajatulia. Nyuma kabisa ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga ndani ya jicho kwa mara ya pili. Ndio unaong'aa ukimmulika kwa tochi ya simu. Utando huo, pamoja na mboni inayopanuka sana, humwezesha kuona kwa mwanga ulio karibu sehemu moja kati ya sita ya ule anaouhitaji binadamu. Stima zikipotea, wenye nyumba hupapasa kutafuta mshumaa. Paka hupita katikati ya sufuria bila kugusa hata moja.

Mchana kutwa yeye hulala. Kwa jumla paka hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, maana mwindaji wa kuvizia hutumia nguvu nyingi kwa muda mfupi na kisha hujipumzisha. Hapo ndipo maisha yake yanapolingana na ya mume na mke vijana wanaoanza maisha katika chumba kimoja au bedsita. Wao hutoka asubuhi, huyu dukani na yule ofisini, na wanaporudi jioni wanamkuta ndipo anapochangamka. Ratiba zao zimekutana bila mtu kuzipanga. Kwa nyumba ya aina hiyo, paka anafaa kuliko watu wengi wanavyodhani, mradi wenye nyumba wajue ni kiumbe wa namna gani wanayeishi naye.

Ratiba hiyo hakujifunza Dallas; ameirithi. Mwaka 2007 kundi la watafiti lililoongozwa na Carlos Driscoll lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya paka 979, wa majumbani na wa porini. Matokeo yalionyesha kwamba paka wote wa nyumbani wametokana na paka pori wa Afrika, kupitia wale walioishi Mashariki ya Kati, mahali ambapo wakulima wa kwanza walianza kuhifadhi nafaka. Nafaka ilileta panya, na panya wakamleta paka. Katika kisiwa cha Cyprus wanaakiolojia walifukua kaburi la miaka 9,500 hivi ambamo mtu alizikwa na paka kando yake, kama sentimita 40 kutoka kwake. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili, kwa hiyo mtu alimpandisha chomboni akavuka naye bahari.

Jamaa zake wa porini bado wako katika savana za Kenya. Wana miguu mirefu, rangi ya vumbi, wekundu nyuma ya masikio na pete nyeusi mkiani, na wakikutana na paka wa nyumbani huzaana nao. Pwani kuna ndugu mwingine mwenye sifa zake, paka wa Sokoke, aliyepewa jina la msitu wa Arabuko-Sokoke katika Kaunti ya Kilifi na sasa anafugwa hadi Ulaya na Marekani kama aina kamili. Paka wa Dallas hana jina la aina. Mara nyingi ni wa mistari ya kijivu au wa rangi mbili, aliyeombwa kwa jirani au aliyeingia mwenyewe kupitia dirishani.

Kilichomleta hapo mwanzo bado kipo. Nyanda za juu za Embu huvuna mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua ndefu na baada ya mvua fupi, na kijana aliyepanga mjini hutumiwa gunia la mahindi au maharagwe kutoka kwa wazazi. Gunia likiegemezwa ukutani, panya watalipata. Paka huwasikia kabla mtu hajaona hata kinyesi chao, kwa kuwa masikio yake hunasa sauti za hadi kilohezi 85, ilhali binadamu huishia 20 hivi. Panya huzungumza kwa sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii kabisa.

Hata hivyo tusimpe sifa asizostahili. Mjini New York, watafiti waliweka kamera kwenye kiwanda cha kuchakata taka na kufuatilia panya wakubwa na paka wa mitaani kwa miezi mitano. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha paka wakiua panya wawili tu. Panya mkubwa ni mzito na anauma, naye paka anamjua. Hupendelea wadogo. Utafiti uliotufaa zaidi sisi Waafrika ulifanywa Eswatini na kuchapishwa mwaka 2017, katika maboma ya vijijini. Paka peke yake hakupunguza sana pilkapilka za panya, na mbwa peke yake vilevile, lakini boma lililokuwa na wote wawili lilikuwa na panya wachache waziwazi. Panya walikuwa wakila kwa hofu na kuondoka mapema. Katika ploti ambayo mwenye nyumba ana mbwa getini na mpangaji ana paka ndani, mambo huenda vizuri kwa sababu hiyo hasa.

Suala la chakula ndilo linalowakosesha wengi, tena kwa nia njema. Paka ni mla nyama asiye na hiari. Mwaka 2005 wanasayansi wa kituo cha Monell kule Philadelphia walieleza kwamba kinasaba cha kutambua utamu kimeharibika katika ukoo wote wa paka. Keki na mandazi hayamwambii kitu, na akiyalamba anafuata mafuta. Maziwa anayowekewa kwenye kisahani, kama zawadi, huwaharisha paka wengi wakubwa, kwani wakishaachishwa kunyonya hupoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa. Ugali mtupu humshibisha bila kumlisha. Anahitaji taurini, kiini kinachopatikana katika nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu macho huharibika hadi upofu na moyo hudhoofika. Omena wa sokoni, au vipande vya matumbo na maini kutoka buchari, humpa kiini hicho kwa bei ya mtu wa kawaida. Kwa kuwa taurini huyeyuka majini, supu iliyochemshiwa isimwagwe. Apewe pamoja na nyama.

Supu hiyo isiwe na kitunguu. Mboga za Kikenya karibu zote huanza na kitunguu kinachokaangwa, na kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, kiwe kibichi au kilichopikwa. Mabaki ya kitoweo cha jioni hayamfai, hata akilia namna gani chini ya meza.

Maini yake nayo yana upungufu ambao wafugaji wanapaswa kuujua. Kwa kuwa mababu zake hawakula mimea, paka hana vya kutosha vimeng'enya vinavyovunja baadhi ya kemikali. Tembe moja ya paracetamol, dawa ambayo kila nyumba inayo, inaweza kumuua. Dawa za kupe na viroboto zenye permethrini, zinazovumiliwa na ng'ombe na mbwa, kwake ni sumu inayoleta mitetemeko na degedege. Embu ni eneo la ng'ombe wa maziwa, chupa za dawa ya kupe zimejaa kwenye agroveti, na mtu anayetaka kumwondolea paka wake viroboto huona njia ya mkato. Aulizie dawa ya paka. Vilevile wapangaji wakubaliane kuhusu sumu ya panya, kwa sababu paka akimla panya aliyekula sumu, naye huipata.

Jumamosi jioni marafiki huja. Kochi linajaa, wengine wanakaa kwenye mkeka, kuna mechi kwenye runinga na chapati zinazungushwa. Mmoja anampenda paka, anamwita, anamfuata hadi chini ya kitanda. Mwingine hana haja naye na anaangalia mpira. Paka humwendea huyo wa pili, na watu hucheka. Sababu inaeleweka. Dennis Turner, aliyewachunguza paka na watu kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Zurich, aliona kwamba paka akianzisha mwenyewe, mazungumzo yao na mtu huchukua muda mrefu zaidi kuliko mtu anapoanzisha. Mgeni anayemkodolea macho na kumnyooshea mikono anatenda kama mnyama anayetaka kumkamata. Anayetulia hamtishi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walionyesha mwaka 2020 kwamba ukimtazama paka huku ukifumba na kufumbua macho polepole, naye hujibu kwa kufumba, na huwa tayari zaidi kuusogelea mkono wako. Marafiki wanaweza kulijaribu hilo wakati wa mapumziko ya mechi.

Huenda mmoja wao akaanza kupiga chafya. Watu hulaumu manyoya, lakini chanzo kikuu ni protini iliyo katika mate na ngozi ya paka. Anapojilamba huipaka mwilini, ikikauka huruka na vumbi na kukaa kwenye makochi na mapazia hata akiwa nje. Kufungua madirisha na kufua vitambaa vya kochi humsaidia mgeni huyo kuliko kumtoa paka mlangoni kwa dakika kumi.

Madai kwamba paka hajali watu yamepimwa na hayakusimama. Atsuko Saito na wenzake, huko Japani, walitangaza mwaka 2019 kwamba paka wa nyumbani hulitofautisha jina lake na maneno mengine yanayofanana nalo kwa sauti, hata likitamkwa na mgeni. Mwaka huohuo Kristyn Vitale wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon aliwaweka watoto wa paka katika chumba kigeni, mwenye paka akatoka kisha akarudi. Asilimia 64 hivi walitulia aliporudi na kuendelea kuchunguza chumba, kiwango kinachokaribiana na cha watoto wachanga wa binadamu. Na kule kulia nyau nyau paka wakubwa hawafanyiani sana wao kwa wao. Sauti hiyo wametuwekea sisi.

Julai Embu huwa na baridi, mawingu na manyunyu siku nzima, na paka hukaa karibu na jiko hadi manyoya yanakaribia kuungua. Joto la mwili wake ni kati ya nyuzi 38 na 39, na mazingira yasiyomdai nguvu ya ziada ni ya nyuzi 30 na zaidi, joto ambalo binadamu angelilalamikia. Kwa hiyo anakufuata kitandani. Jambo la kuangalia ni jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa: gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka humo haina harufu, nayo huua watu na wanyama pamoja. Afadhali blanketi kuukuu ndani ya boksi.

Mke akipata ujauzito, mashauri huanza kumiminika kutoka kwa mashangazi na majirani: mfukuzeni paka. Hofu hiyo ina msingi. Paka anaweza kubeba kimelea kiitwacho Toxoplasma, na kikimwingia mama mjamzito kwa mara ya kwanza kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini paka hutoa mayai ya kimelea hicho kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu, kwa kawaida mara moja maishani, na mayai hayo huhitaji angalau siku moja nje kabla ya kuweza kuambukiza. Mume akichukua kazi ya kutoa mchanga wa karai kila siku, hatari ya nyumbani hupungua sana. Nyama isiyoiva na mboga zenye udongo zisizooshwa vizuri nazo ni njia kubwa za maambukizi, na hizo haziondoki kwa kumfukuza mnyama.

Ikweta ina neno la mwisho kwa paka jike. Ulaya, siku zinapofupika wakati wa baridi, mwili wake husimamisha uzazi hadi mwanga urudi. Embu mchana haufupiki, kwa hiyo anaweza kushika mimba mwezi wowote. Hubeba kwa siku 65 hivi, huzaa watoto wanne kwa wastani, na anaweza kushika nyingine wiki chache baadaye. Anaweza kuanza akiwa na miezi minne au mitano tu. Wenzi wasiotaka uzazi huo humpeleka kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi, na uamuzi huo ni bora kuliko watoto wa paka kutupwa mtoni usiku ndani ya mfuko.

Wakishazaliwa, marafiki wa Jumamosi wana kazi. Kati ya wiki ya pili na ya saba mtoto wa paka hujifunza kuwazoea binadamu. Asipobebwa na watu mbalimbali katika kipindi hicho, huenda akawaogopa maisha yake yote. Anayetaka mmoja na aanze kuja mapema, ambebe, amwongeleshe, kisha amwache na mama yake angalau hadi wiki ya nane. Akifika kwa mwenyeji wake mpya, apelekwe akachanjwe kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu, kwa maana paka anaweza kuambukizwa na mbwa wa mtaani na kuleta ugonjwa huo ndani ya nyumba.