Je, Wajua? Deni Ulilolipa Bado Lina Kumbukumbu

Nchini Kenya, deni ulilochelewa kulipa halifutiki siku unapolimaliza. Kumbukumbu yake hubaki CRB (kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo) kwa miaka 5 zaidi, ikihesabiwa tangu siku uliyolipa. Kinachobadilika ni maelezo tu: sasa yanasomeka kwamba deni limelipwa.

Watu husema fulani "yuko CRB" kana kwamba ni jela. Kumbe karibu kila aliyekopa benki yumo, hata mlipaji hodari! Tangu kanuni za CRB za 2013, benki hupeleka huko habari nzuri na mbaya.

Kwa kanuni za 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 haliruhusiwi kukuchafulia jina. Na kabla ya kukuripoti vibaya, mkopeshaji sharti akupe notisi ya siku 30.

Ripoti yako ya CRB unaipata bure mara moja kwa mwaka. Ila kampuni za CRB zenye leseni ni 3: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kila moja ina faili lake, kwa hiyo kusoma moja hakutoshi. Ukikuta mkopo usioujua, una haki ya kuupinga.