Povu la sabuni au heliamu: kipimo kipi kinalinda fedha zako?

Mfanyabiashara anayenunua jokofu la mtumba, chumba cha baridi au kompresa huangalia mambo matatu: bei, mwaka wa kutengenezwa, na kama mtambo unawaka. Jambo la nne, ambalo ndilo hula faida kimyakimya, ni uvujaji wa gesi.

Muuzaji akisema "umepimwa, hauvuji", maneno hayo peke yake hayana thamani ya kibiashara. Hakuna mtambo usiovuja kabisa. Maswali ya kuuliza ni mawili. Unavuja kiasi gani kwa mwaka? Na kiasi hicho ni sehemu gani ya gesi iliyomo ndani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama povu la sabuni linatosha au unahitaji kulipia kipimo cha heliamu.

UWEZO WA POVU

Kipimo cha povu ni cha zamani na ni cha bei nafuu kuliko vyote. Fundi hujaza gesi kwenye mabomba kwa shinikizo, hupaka maji ya sabuni kwenye maungio, kisha huangalia viputo. Kwa vitu vidogo, hukizamisha kifaa chote ndani ya maji. Mitungi ya gesi ya kupikia hupimwa hivyo katika vituo vya kujazia.

Iko pia njia ya sanduku, inayotumika kwenye matangi makubwa ya mafuta. Sakafu ya tangi haiwezi kujazwa hewa kutoka chini, kwa hiyo mshono wa kuchomelea hupakwa sabuni, kisha sanduku lenye kioo juu na mpira chini huwekwa juu yake na hewa ya ndani hunyonywa. Pakiwa na tundu, viputo huonekana kupitia kioo.

Vyeti vya kitaalamu hupima uvujaji kwa milibari-lita kwa sekunde. Mfanyabiashara asitishwe na jina hilo. Moja ya kipimo hicho ni karibu sawa na sentimita moja ya ujazo ya gesi inayotoka kila sekunde.

Katika kazi ya kawaida ya karakana, povu huona vizuri mpaka kiasi cha 0.0001. Uvujaji wa kiasi hicho hutoa kiputo kimoja cha upana wa milimita moja kila baada ya sekunde 5 hivi. Ukipungua mara 10, kiputo hichohicho huchukua karibu dakika nzima. Ukipungua mara 100, ni karibu dakika 9. Fundi mwenye kazi nyingine mkononi hawezi kusubiri ungio moja kwa dakika 9, na hapo ndipo macho ya povu yanapofikia kikomo.

HESABU YA WANUNUZI WAWILI

Tuchukue mfano wa wanunuzi wawili. Wa kwanza amenunua mtambo wa chumba cha baridi wenye kilo 10 za gesi ya R134a. Wa pili amenunua majokofu ya nyumbani ya mtumba, kila moja likiwa na gramu 120 za gesi hiyohiyo. Wote wawili wamepimiwa kwa sabuni na fundi hakuona kiputo.

Tuseme kila mtambo una tundu dogo lililo kwenye mpaka wa macho ya povu, yaani 0.0001. Kwa mwaka mzima tundu hilo litapitisha takriban lita 3 za gesi, ambazo kwa R134a ni kama gramu 13.

Kwa mwenye chumba cha baridi, gramu 13 kati ya 10,000 ni hasara isiyohisika. Sabuni imemtosha, na kulipa zaidi kungekuwa kutupa fedha.

Kwa mwenye majokofu, gramu 13 kati ya 120 ni zaidi ya sehemu moja ya kumi kila mwaka. Ikifika miaka mitatu, theluthi moja ya gesi imekwisha. Jokofu linaunguruma bila kupumzika, umeme unapanda, na baridi haishiki. Mteja anarudi dukani na malalamiko, na muuzaji anasema kwa dhati kwamba lilipimwa.

Ndiyo maana viwanda vya majokofu hupima kwa heliamu au gesi nyingine nyepesi, na haviishii kwenye sabuni. Kadiri gesi iliyomo inavyokuwa kidogo, ndivyo kipimo kinavyotakiwa kuwa kikali. Ukubwa wa mtambo na ukubwa wa bei yake haviamui jambo hilo.

Majokofu mengi mapya ya nyumbani hutumia R600a, gesi inayowaka moto, na kiasi chake kwa kawaida hakizidi gramu 150. Uvujaji wake ni hasara ya baridi na pia ni suala la usalama. Tangu Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, nchi wanachama zinapunguza matumizi ya gesi za jamii ya R134a. Anayenunua mitambo ya gesi hizo leo ahesabu kwamba kuijaza tena hakutakuwa rahisi zaidi kadiri miaka inavyokwenda.

HELIAMU INAVYOFANYA KAZI

Heliamu huchaguliwa kwa sababu nne. Atomi yake ni ndogo na hupita kwenye matundu membamba. Haiwaki. Haichanganyiki kikemia na chochote ndani ya mtambo. Na hewani ni adimu: katika kila sehemu milioni moja za hewa, heliamu ni kama sehemu 5 tu. Mashine ikiiona kwa wingi, imetoka kwenye tundu.

Mashine za kuitambua zilitengenezwa Marekani miaka ya 1940, wakati wa mradi wa bomu la atomiki, kwa sababu viwanda vya kurutubisha urani vilihitaji mabomba yasiyopitisha hewa. Hadi leo mashine hizo hutambua atomi kwa uzito wake.

Njia kuu ni mbili. Katika ya kwanza, hewa yote hunyonywa kutoka ndani ya kifaa, kifaa huunganishwa na mashine, na fundi hupuliza heliamu kidogo kidogo nje ya maungio. Huanza juu na kushuka chini, kwa kuwa heliamu ni nyepesi na hupanda. Njia hii huona hata 0.000000001. Kwa kasi hiyo, sentimita moja ya ujazo ya gesi ingehitaji zaidi ya miaka 30 kutoka.

Katika ya pili, heliamu hujazwa ndani, na fundi hupitisha mrija wa kunusa nje. Njia hii ni rahisi na huonyesha tundu liko wapi, lakini macho yake ni dhaifu kuliko ya kwanza, kwa kuwa mrija hunusa pia heliamu iliyopo hewani siku zote. Kwa hiyo cheti kinachosema tu "kimepimwa kwa heliamu" hakijakueleza kitu. Uliza ni kwa njia ipi.

GEJI ISIKUDANGANYE

Wanunuzi wengine huridhika na geji: mtambo hujazwa naitrojeni, huachwa usiku kucha, na sindano ikishuka huambiwa unavuja. Kipimo hicho kina faida yake, ila joto hukivuruga. Ukifunga mtambo mchana wa nyuzi 33 kwa shinikizo la bari 20, alfajiri ya nyuzi 24 geji itaonyesha pungufu ya zaidi ya nusu bari bila hata tone la gesi kutoka. Kinyume chake pia hutokea: mtambo uliofungwa alfajiri huweza kuvuja huku joto la mchana likiipandisha sindano. Joto la kuanzia na la kumalizia lazima yaandikwe.

Usimruhusu mtu yeyote kupima kwa oksijeni. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Naitrojeni nayo itoke kwenye mtungi kupitia regileta, kwa sababu mtungi uliojaa una shinikizo kubwa mara nyingi kuliko mabomba yanavyoweza kubeba. Na mtungi wa gesi ya kupikia hupimwa kwa sabuni kwenye vali, kamwe si kwa kiberiti.

SOKO LA HELIAMU

Heliamu si bidhaa ya bei tulivu. Hupatikana zaidi pamoja na gesi asilia, na kwa miaka mingi Marekani na Qatar zimekuwa wauzaji wakubwa. Mwezi Juni 2017, Qatar ilipowekewa vikwazo na majirani zake, viwanda vyake vya heliamu vilisimama kwa muda. Kiwanda kipya cha Amur nchini Urusi kilipata ajali Oktoba 2021 na tena Januari 2022. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilikamilisha kuuza hifadhi yake ya Amarillo kwa kampuni binafsi. Kila tikisiko la aina hiyo humfikia mwenye karakana kwenye bei ya mtungi.

Kwa sababu hiyo viwanda vingi hukusanya heliamu baada ya kupima na kuitumia tena. Vingine vimehamia kwenye mchanganyiko wa haidrojeni asilimia 5 na naitrojeni asilimia 95, ambao hauwaki na ni wa bei ya chini. Kwa majokofu na viyoyozi, mchanganyiko huo ni mbadala wa kweli.

Tanzania nayo imo katika habari hii. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwepo kwa heliamu nyingi katika bonde la Rukwa. Kampuni hiyo iliingia soko la hisa la AIM mjini London Desemba 2020. Agosti 2021, kisima cha Tai kilipokosa kutoa gesi ya kutosha, hisa zake ziliporomoka. Mwaka 2024 kisima cha Itumbula kilitoa heliamu hadi juu ya ardhi, na matumaini yakarudi. Mwekezaji mdogo akumbuke kwamba kisima kilichotoa heliamu bado si kiwanda kinachouza heliamu. Kati ya hivyo viwili kuna mtaji, mitambo na miaka.

KABLA YA KULIPA

Kwa mnunuzi wa mtambo mkubwa wa baridi, kompresa au mitungi, sabuni inatosha iwapo itapakwa ipasavyo. Maji ya sabuni yapakwe taratibu, kwa kuwa povu la kukoroga huficha viputo vidogo. Fundi asubiri dakika kadhaa kwa kila ungio, penye mwanga mzuri.

Kwa mnunuzi wa majokofu madogo kwa wingi, dai kipimo cha heliamu au cha mchanganyiko wa haidrojeni. Kama muuzaji hana, yaliyobaki ni mawili: punguzo la bei linalolingana na hatari unayoibeba, au sehemu ya malipo ibaki mkononi mwako mpaka muda wa dhamana upite. Dhamana ya miezi mitatu haigundui tundu linalohitaji miaka miwili kujionyesha.

Cheti chochote utakachopewa kiwe na mambo sita: njia iliyotumika, gesi iliyotumika, shinikizo, muda wa kupima, kiwango cha juu cha uvujaji kinachokubalika, na tarehe ya mwisho mashine kuhakikiwa kwa tundu la kipimo linalojulikana. Kikikosa kiwango cha uvujaji, hicho si cheti bali ni risiti ya maneno, na bei yake katika majadiliano iwe hivyohivyo.