Wageni wa Anga na Mawe ya Misri

Dhana kwamba viumbe kutoka sayari nyingine walitua duniani zamani za kale na kuwafundisha binadamu kujenga, kulima na kuabudu ilipata umaarufu mkubwa mwaka 1968. Mwaka huo Erich von Däniken, meneja wa hoteli nchini Uswisi asiyesomea akiolojia, alichapisha kitabu kilichokuja kuuzwa mamilioni ya nakala. Alidai kuwa miungu wa masimulizi ya kale, wanaoshuka kwa moto na ngurumo, walikuwa wanaanga, na kwamba majengo makubwa ya kale ni alama za ziara zao.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Mwanaastronomia Mmarekani Carl Sagan, katika kitabu alichoandika pamoja na Msovieti Iosif Shklovskii mwaka 1966, alikubali kwamba ziara ya namna hiyo inawezekana. Alichotaka ni ushahidi, na hadi leo hakijapatikana hata kipande kimoja cha chuma kilichothibitika kutoka kwa wageni hao.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni piramidi ya Farao Khufu huko Giza, iliyojengwa yapata mwaka 2560 Kabla ya Kristo kwa mawe yanayokadiriwa kufikia milioni 2.3. Watetezi wa dhana hii huuliza: watu wasio na mashine waliyabebaje? Jibu limeandikwa na mmoja wa wabebaji wenyewe. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye mwambao wa Bahari ya Shamu, wanaakiolojia wakiongozwa na Mfaransa Pierre Tallet walipata vipande vya mafunjo vyenye kumbukumbu za mtu aitwaye Merer. Alikuwa mkuu wa kikosi cha mabaharia, na kazi yao ilikuwa kusomba mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura, kupita Mto Nile na mifereji yake, hadi Giza. Aliandika siku kwa siku: leo wamepakia, usiku wamelala wapi, kesho wameteremsha mzigo. Kwa siku kumi walifanya safari mbili au tatu. Msimamizi wa shughuli hiyo anatajwa pia, naye ni Ankhhaf, ndugu wa Khufu kwa baba. Kwa maneno mengine, ni daftari la kazi la kawaida kabisa.

Karibu na piramidi kumefukuliwa pia mji wa wafanyakazi wenye tanuri za mikate na mifupa tele ya ng'ombe, kondoo na mbuzi walioliwa. Makaburi yao yapo palepale, na mifupa ya baadhi yao ina dalili za migongo iliyochoshwa na mizigo.

Huko Palenque, Meksiko, mambo ni mepesi zaidi. Kwenye kifuniko cha jeneza la mawe la Mfalme Pakal, aliyefariki mwaka 683, von Däniken aliona rubani ndani ya roketi. Wanaosoma maandishi ya Wamaya wanaona mfalme na mti wa ulimwengu juu yake, picha inayojirudia katika sanaa ya watu hao.

Kisa cha Wadogoni wa Mali kinahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 1976 Robert Temple alidai kuwa walifundishwa na wageni kuhusu Sirius B, nyota kibete isiyoonekana kwa macho matupu, iliyogunduliwa kwa darubini mwaka 1862. Alitegemea maandishi ya Mfaransa Marcel Griaule, aliyefanya utafiti miongoni mwao kuanzia mwaka 1931. Mholanzi Walter van Beek, aliyeishi na Wadogoni kwa muda mrefu, alieleza mwaka 1991 kwamba hakukuta elimu hiyo kwa watu wa kawaida huko. Inawezekana kabisa kwamba habari za nyota hiyo zilifika kwao kupitia Wazungu wenyewe.

Si bahati tu kwamba wanaotiliwa shaka ni hasa Wamisri, Wamaya na Waafrika. Makanisa makuu ya Ulaya hayasumbuliwi sana. Zimbabwe Kuu ilikumbwa na shaka kama hiyo kabla ya wageni wa anga kuwa gumzo: walowezi waliwapa sifa Wafoinike, mpaka uchimbaji wa David Randall-MacIver mwaka 1905 na wa Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 ulipoonyesha kuwa ni kazi ya Waafrika wa hapohapo.

Zecharia Sitchin alikwenda mbali zaidi. Kitabu chake cha mwaka 1976 kilidai kwamba miungu wa Mesopotamia walitoka sayari ya Nibiru na kumuumba binadamu awe mchimba dhahabu wao. Wataalamu wa lugha ya Kisumeri wanakataa tafsiri zake, na Tanzania inatoa ushahidi wa aina nyingine. Nyayo za Laetoli, zilizopatikana na kundi la Mary Leakey mwaka 1978, zinaonyesha viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.66 iliyopita, wakati ubongo wa jamii hiyo ulikuwa mdogo sana kuliko wetu. Olduvai imetoa mafuvu na zana za mawe za baadaye. Ubongo uliongezeka kidogo kidogo kwa muda wa zaidi ya miaka milioni mbili, na katika mfululizo huo hapaonekani pengo la kumpachika fundi kutoka Nibiru.